Nani Aliyepaka Rangi Vilima vya Kivu?



Mwanafunzi mmoja wa Masisi alitusimulia jambo lililotokea nyumbani kwao. Jioni moja alikuwa ameketi jikoni pamoja na nyanya yake, akamwonyesha katika simu picha iliyotoka katika sinema moja iliyopigwa hapa kwetu Kivu. Vilima vilikuwa vimepangana kama wanavyoviona kila siku wanapofungua mlango, na bonde lilikuwa katikati, na ukungu juu ya bonde. Lakini nyasi zote, miti yote, na majani yote ya mashamba yalikuwa na rangi ya waridi, na penginepo rangi nyekundu kabisa. Nyanya aliipokea ile simu, akaitazama kitambo kirefu. Kisha akauliza: "Mjukuu wangu, majani haya yamepatwa na ugonjwa gani? Na ng'ombe watakula nini huko?"

Kijana alicheka sana, naye alitusimulia habari hiyo ili sisi nasi tucheke. Hatukucheka. Tulipofikiri vizuri, tuliona kwamba mama mzee yule ameuliza kwa maneno machache mambo mawili ambayo wajuzi wa sinema wameyaandikia vitabu. La kwanza: rangi hii imetoka wapi? La pili: yatufaa nini sisi tunaokaa katika nchi hiyo? Basi leo ukurasa wetu wataka kumjibu nyanya, kwa heshima impasayo.

Majani hayakuugua

Picha ile ni kazi ya Richard Mosse, mpiga picha wa nchi ya Ireland. Kuanzia mwaka 2010 alikuja mara nyingi Kivu ya Kaskazini, jimbo lenye Masisi na Walikale, na Kivu ya Kusini pia. Alipita katika nchi ya vita, penye waasi, penye askari wa serikali, na penye kambi za watu waliokimbia makwao. Kwanza alipiga picha zisizotembea, akaziita Infra. Baadaye, pamoja na mpiga kamera Trevor Tweeten na mtunga muziki Ben Frost, alitengeneza sinema iitwayo The Enclave. Mwaka 2013 Ireland iliionyesha katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, nchini Italia. Sinema hiyo haitazamwi kama nyingine. Katika chumba chenye giza hutundikwa vitambaa sita, na watazamaji hutembea katikati yao. Picha huwaka upande huu, huzimika upande ule, na mtazamaji hugeuka huku na huku kama mtu aliyepotea msituni, asiyejua sauti itatokea wapi.

Sasa tuseme juu ya rangi. Mosse hakuyapaka majani chochote, wala hakuzibadili rangi baadaye kwa mashine. Alitumia filamu ya namna ya pekee iliyotengenezwa na Kodak, iitwayo Aerochrome. Asili ya filamu hiyo ni vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari walikuwa wakificha mizinga na magari yao chini ya matawi yaliyokatwa, au chini ya vitambaa vilivyopakwa rangi ya kijani. Mtu aliye juu katika ndege hakuweza kutofautisha kichaka cha kweli na kichaka cha hila. Lakini jani lililo hai hurudisha kwa wingi mwanga fulani ambao jicho la mwanadamu haliuoni. Mwanga huo huitwa infraredi, nao uko nje ya ile nyekundu ya mwisho ya upinde wa mvua. Rangi ya kopo hairudishi mwanga huo kama jani, wala tawi lililokatwa na kunyauka halirudishi sawasawa na tawi lililo mtini. Basi wajuzi wakatengeneza filamu yenye uwezo wa kuupokea mwanga huo na kuuandika kwa rangi nyekundu. Msitu wa kweli ukatokea mwekundu, na maficho ya adui yakajitenga kwa rangi nyingine.

Vita vilipokwisha, filamu za namna hiyo hazikutupwa. Wataalamu wa misitu na mashamba walizichukua katika ndege ili kutafuta miti yenye ugonjwa, kwa maana jani likiugua hupunguza kuurudisha ule mwanga usioonekana. Hapa twapenda nyanya asikie vizuri. Swali lake juu ya ugonjwa wa majani ni swali lile lile walilouliza wataalamu. Ila jibu ni kinyume cha alivyodhani: katika filamu hiyo wekundu ni dalili ya afya. Vilima alivyoviona vilikuwa na majani mazima.

Kodak iliacha kuitengeneza filamu hiyo mwaka 2009, na Mosse akatumia akiba iliyobaki. Kwa nini alijitaabisha hivyo, hali kamera za kawaida zipo tele? Sababu aliyoieleza ni hii: vita vya mashariki ya Kongo vimeua watu wengi mno, lakini ulimwengu huvipita kama visivyoonekana. Basi akataka filamu iliyobuniwa ili kufichua askari waliojificha ifichue vita vilivyojificha. Mwaka 2014 alipewa tuzo ya Deutsche Börse ya upigaji picha huko London. Wako waliomsifu kwa sauti kuu. Wako pia waliouliza kama ni halali kuvivika vita nguo nzuri namna ile.

Kijani ni jani

Kabla ya kuamua, na tuisikilize lugha yetu wenyewe. Kiswahili hakikuzipa rangi nyingi majina matupu. Kilizitaja kwa vitu vilivyo mbele ya macho. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu la mekoni. Manjano ni ile bizari ya mchuzini. Zambarau ni tunda, waridi ni ua, na samawati ni mbingu. Kwa hiyo mtu wa Masisi asemapo "kilima cha kijani", husema kwamba kilima kile kina majani, kina malisho, kina chakula. Ukimwonyesha kilima cha waridi umemwondolea jani. Ndiyo maana nyanya aliingiwa na hofu juu ya ng'ombe. Hakukosa akili, alikuwa akisoma rangi jinsi lugha yake ilivyomfundisha.

Tena macho ya mwenyeji hayajui kijani kimoja tu. Mtu aliyeshuka kutoka Masisi mpaka Walikale ajua jambo hili kwa miguu yake. Masisi ni nchi ya juu, yenye baridi, na kijani chake ni cha nyasi za malisho, cha maharagwe, cha mihindi michanga, na cha mikaratusi iliyopandwa. Walikale ni nchi ya chini, yenye joto, na kijani chake ni cha msitu mkubwa, kizito, karibu na weusi, ambacho jua hukipenya kwa shida. Na kile kijani chepesi cha Masisi chenyewe kina historia. Sehemu kubwa ya vilima vile ilikuwa msitu, ukakatwa ili kupata mashamba na malisho wakati wa Wabelgiji na baada yao. Mzee anaweza kusimama mlimani akakuonyesha kwa kidole: huku palikuwa na miti, kule palilimwa, pale pameachwa kwa sababu ya vita. Yote hayo ameyasoma katika kijani. Filamu ya Mosse hugeuza vijani vyote kuwa jamaa moja ya wekundu. Hutupa jambo tusiloliona, na hutunyang'anya jambo tulilokuwa tukiliona.

Je, basi, huo ni uwongo? Wengi watajibu upesi: "Ndiyo, kwa maana majani ni ya kijani, na sinema ya kweli huonyesha vitu kama vilivyo." Hapo ndipo twapenda msomaji asimame kidogo.

Hakuna rangi iliyojileta yenyewe

Sinema zilipoanza kuonyeshwa huko Paris mwaka 1895, hazikuwa na rangi. Ulimwengu wote ulikuwa mweusi na mweupe na kijivu, na hakuna aliyelalamika kwamba ni uwongo. Mapema sana watu wakatamani rangi, na wanawake katika karakana za Paris wakaketi na brashi ndogo wakipaka rangi filamu kwa mkono, picha moja moja, ingawa sekunde moja ya sinema yahitaji picha kumi na sita hivi. Tunapoitazama kazi ile leo, twaona bado mkono wa mtu.

Baadaye ikaja Technicolor. Katika kamera yake kubwa, mwanga ulioingia uligawanywa ukaandikwa katika filamu tatu kwa mara moja. Kisha rangi tatu zilichapwa moja juu ya nyingine, karibu kama vile kitenge kichapwavyo kiwandani, rangi hii kwanza na nyingine juu yake. Sinema ya kwanza ya rangi hizo tatu ilikuwa katuni fupi ya Walt Disney juu ya maua na miti, mwaka 1932. Wenye kampuni hiyo hawakukodisha kamera peke yake. Waliwapeleka pia wataalamu wao wa rangi, ambao mashuhuri kati yao alikuwa Natalie Kalmus, nao walishauri gauni liwe la rangi gani, na ukuta uwe wa rangi gani, na rangi ipi isikae karibu na ipi. Mwaka 1939, katika sinema ya The Wizard of Oz, nyumbani kwa msichana palionyeshwa kwa rangi ya udongo iliyofifia, bali nchi ya ndoto ilijaa rangi zote. Na kuanzia mwaka 1950 Kodak ilileta filamu moja yenye kubeba rangi zote pamoja. Hapo gharama zikapungua, na rangi ikaenea mpaka ikawa jambo la kila siku.

Wazee walisema: Usione vyaelea, vyaundwa. Chombo kikielea vizuri baharini, usidhani kimeota chenyewe. Liko shoka lililochonga. Na rangi katika sinema ni vivyo hivyo. Ile ya ajabu twaiona kwamba imeundwa. Ile inayofanana na macho yetu imeundwa pia, ila fundi wake amejificha vizuri zaidi.

Kongo iliyoazimisha kijani chake

Mfano ulio karibu nasi ni huu. Mto Lowa, upitao Walikale, huteremka kuelekea magharibi mpaka kuingia katika Lualaba, na Lualaba yenyewe hupita Ubundu, mji ulioitwa zamani Ponthierville. Katika nchi hiyo ya Ubundu, kwenye mto mdogo wa Ruiki, mwaka 1951 John Huston alikuja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga sinema ya The African Queen. Mpiga kamera wake Jack Cardiff alikuwa na kazi ya kuiingiza kamera nzito ya Technicolor katika msitu wenye mwanga haba. Watu wa Ulaya na Marekani walipoitazama, walistaajabia kijani kile cha mto na miti.

Lakini hadithi yenyewe si ya Kongo. Ni hadithi ya Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1914, nchi ambayo leo ni Tanzania. Sehemu nyingine ilipigwa Uganda. Na pale ambapo wachezaji hao wawili walipaswa kuingia ndani ya maji, waliingia katika tangi la studio karibu na London, kwa kuwa maji ya mito yetu yalihofiwa kuwaletea magonjwa. Hivyo Kongo iliazimisha kijani chake kwa Tanganyika, na London ikaazimisha maji yake kwa Kongo, na mtazamaji akaona mto mmoja tu. Je, alidanganywa? Alisimuliwa hadithi, naye alijua kwamba ni hadithi. Hatari huja pale tu anapotoka nje akisema: "Sasa naijua Afrika."

Mfano wa pili wawagusa sana wasomaji wetu. Mwaka 1958 Fred Zinnemann alikuja Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kupiga sinema ya The Nun's Story, juu ya sista wa Ubelgiji aliyetumwa Kongo kuwa muuguzi. Audrey Hepburn alikuwa sista huyo, na sinema ikatoka mwaka 1959. Zinnemann alikuwa na shauri moja: mambo ya Ulaya yapigwe kwa nyeusi na nyeupe, bali sista afikapo Kongo rangi zote zifunguke kwa ghafula. Wakubwa wa kampuni walilikataa, na sinema yote ikawa ya rangi.

Twaliwaza shauri lile mara nyingi. Lilikuwa na uzuri wake, kwa maana lingemfanya mtazamaji aone kwa macho yale ambayo sista aliyaona moyoni. Lakini lingekuwa pia hukumu. Ulaya ingekuwa nchi ya fikira, ya sheria na ukimya. Afrika ingekuwa nchi ya joto, ya damu na hisia. Watu wa Kisangani hawaamki asubuhi kuwa rangi katika moyo wa mgeni. Huamka kwenda sokoni, shambani na kazini, nao wana fikira zao, na sheria zao, na ukimya wao. Rangi moja ikitiwa mahali pake yaweza kusema mambo hayo yote bila neno hata moja kutamkwa.

Na nyuso zetu je?

Liko jambo jingine ambalo halisemwi mara nyingi mbele ya watoto, nalo yafaa walijue. Filamu za rangi za zamani zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Katika maabara za kusafishia picha palikuwa na kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, aliyeitwa kwa desturi "Shirley". Fundi alirekebisha mashine mpaka uso wa Shirley ukapendeza, kisha picha za watu wote zikapitia kipimo kile. Mtoto mweusi akipigwa picha pamoja na mtoto mweupe, mmoja alitokea vizuri, na mwenziwe akabaki macho na meno. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtengenezaji wa sinema Jean-Luc Godard, alipoitwa Msumbiji kutoa mashauri juu ya televisheni, alizikataa filamu za Kodak kwa sababu hiyo. Na hao wenye viwanda vya chokoleti na vya samani walilalamika kwamba hudhurungi za bidhaa zao hazitokei vizuri katika picha. Malalamiko yao yalisaidia kuleta filamu bora. Msomaji na apime mwenyewe: chokoleti na meza zilisikilizwa kabla ya nyuso za watu.

Basi tukirudi kwa yule aliyesema kwamba sinema ya kweli huonyesha vitu kama vilivyo, twamwuliza: kama vilivyo kwa macho ya nani?

Twaamuaje?

Wakristo wa parokia zetu wajua tangu utoto kwamba rangi husema. Padre akitoka sakristia na kasula ya zambarau, hata asiyejua kusoma ajua kwamba ni Majilio au Kwaresima. Na mara mbili kwa mwaka, Dominika ya tatu ya Majilio na Dominika ya nne ya Kwaresima, aweza kuvaa rangi ya waridi, kuwapumzisha waamini kwa furaha kidogo katikati ya toba. Hakuna aliyewahi kumwambia padre: "Umetudanganya, kasula yako si rangi ya pamba." Twajua kwamba rangi imechaguliwa, twajua nani amechagua, na twajua kwa nini.

Hicho ndicho kipimo tunachokileta. Rangi si uwongo kwa sababu haifanani na macho yetu. Huwa uwongo inapoficha kwamba imechaguliwa, au inapochaguliwa ili kumdharau mtu, au ili kumfanya mtazamaji asiulize tena. Kwa kipimo hicho, waridi ya Mosse ina jambo jema: haijifichi. Yeyote aitazamaye hujua mara moja kwamba kuna mtu aliyeamua. Nayo yatulazimisha kuuliza swali, kama nyanya alivyouliza. Picha nyingine za Kivu, zenye kijani cha kawaida na mtoto anayelia mbele, hutufanya tuseme "masikini", kisha tupite.

Lakini tusinyamaze juu ya upande wa pili. Mithali husema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mtu wa mbali aweza kuingia katika chumba cha Venice, akavutwa na uzuri wa vilima vya waridi, akatoka akikumbuka rangi na kusahau watu. Katika vilima vile watu wamefukuzwa makwao mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Katika miaka ya 1990 ng'ombe wengi wa Masisi waliporwa au kuchinjwa, na familia zilizoishi kwa maziwa zikabaki mikono mitupu. Mwezi Machi 2025 vita vilifika hata Walikale mjini. Nyanya aliyeuliza habari ya ng'ombe hakuuliza kama mshamba asiyejua sinema. Aliuliza kama mtu aliyewahi kuona zizi likiwa tupu asubuhi. Filamu iliweza kuona mwanga ambao jicho haliuoni, lakini zizi tupu halina mwanga wa namna yake. Hilo latakiwa lisimuliwe na mtu.

Tufanye nini nyumbani na shuleni?

Hatusemi watoto wakatazwe sinema. Sinema wanazo mifukoni mwao, na katazo halitafika mbali. Twasema wazazi waketi pamoja nao, wawazoeshe maswali matatu. Nani alichagua rangi hii? Alitaka nione nini? Na kipi hakionekani kwa sababu ya rangi hii? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hatanaswa kwa urahisi na picha ya tangazo, wala na picha ya vita inayotumwa kwa simu ili kuwasha chuki kati ya majirani. Maana siku hizi si kampuni kubwa tu zinazoweza kubadili rangi. Kijana yeyote mwenye simu huweza kuifanya nyeupe ngozi ya dada yake, kukoleza moto, au kuifanya mchana kuwa usiku kwa kugusa kioo mara moja.

Waalimu nao tungewaomba zoezi dogo lisilo na gharama. Kila mwanafunzi alete majani kumi ya mimea mbalimbali, ayapange kuanzia kijani chepesi mpaka kijani kizito, kisha awaulize wazee nyumbani jina la kila kimoja kwa Kihunde, kwa Kinyanga, kwa Kitembo, au kwa lugha nyingine ya kwao. Watashangaa kuona ni mambo mangapi wazee huyasoma katika jani moja: lini litavunwa, lafaa dawa gani, mnyama gani hulipenda, na mvua iko karibu au mbali. Atakayejua hivyo atakuwa tayari kushika kamera.

Na kamera zishikwe. Huko Goma kituo cha Yolé!Africa, alichokianzisha mtengenezaji wa sinema Petna Ndaliko Katondolo, kimefundisha vijana wengi kupiga na kuhariri sinema zao wenyewe. Twatamani vijana wa Masisi na Walikale wasiridhike kuwa watu wanaopita nyuma ya picha za wengine. Wakitaka kijani, wachague kijani kipi. Wakitaka nyeusi na nyeupe, na iwe hivyo. Wakitaka waridi, wawe na sababu ya kumwambia nyanya.

Tulimwomba yule mwanafunzi ampelekee nyanya yake jibu letu lote: habari ya ndege za vita, na mwanga usioonekana, na majani yanayokuwa mekundu kwa sababu ni mazima. Alimweleza kwa saa nzima, naye nyanya akasikiliza huku akichambua maharagwe. Alipomaliza, nyanya alisema: "Vema. Nimefurahi kwamba majani ni mazima. Lakini habari ya ng'ombe hamjanijibu."